Jina la Mtaa na Urithi wa Waimbaji

Hadithi zinazosimulia safari za mwanadamu baina ya nyota si nyingi katika maktaba ya Kiswahili, lakini zilizopo zimekwisha kutoa kipimo chema cha kuzipimia za wengine. Mwaka 1995 Katama Mkangi, mwandishi wa Kenya, alitoa riwaya yake iitwayo "Walenisi". Ndani yake mtu aliyehukumiwa kufa, jina lake Dzombo, anatiwa katika chombo cha anga ili mauti yamkute mbali. Badala ya kufa anafika katika nchi ya watu wanaoishi kwa haki. Jina la nchi hiyo likitamkwa polepole lavunjika kuwa maneno matatu: wale ni sisi. Kwa maneno hayo Mkangi alieleza kanuni ya sanaa nzima ya namna hii. Hadithi ya sayari ya mbali haina thamani kwa umbali wake. Thamani yake ni kule msomaji kujiona ndani yake baada ya safari ndefu.

Kipimo hicho chafaa kutumiwa juu ya kazi moja ya Japani ambayo kwa sura yake ya nje yaonekana kuwa mchezo mtupu wa watoto. Ni tamthilia ya vikaragosi iitwayo AKB0048, inayosimulia habari za mabinti waimbaji wanaoruka kutoka sayari hadi sayari, galaksi nzima, kwa ajili ya kuimba. Atakayeipuuza kwa sababu ya nguo zake za rangi na merikebu zake za anga atakuwa amelipuuza swali zito ambalo watu wa Temeke na Kinondoni, katika viunga vya Dar es Salaam, wamelijibu kwa maisha yao bila kuandika tamthilia. Swali lenyewe ni hili: kundi la waimbaji likipata jina, jina hilo ni mali ya nani, na nani ana haki ya kulirithi?

Kwanza yapasa kazi yenyewe ielezwe. Ilionyeshwa katika televisheni ya Japani mwaka 2012 kwa vipande 13, na sehemu yake ya pili, vipande vingine 13, ikaonyeshwa mwanzoni mwa mwaka 2013. Mwongozaji wake alikuwa Yoshimasa Hiraike, na msimamizi wake mkuu Shoji Kawamori. Huyu Kawamori alikuwa mmoja wa waasisi wa "Macross", tamthilia ya mwaka 1982 ambamo wimbo wa binti mmoja, Lynn Minmay, unalegeza mikono ya jeshi la majitu wasiojua lolote ila vita. Fikira ya kwamba sauti yaweza kushinda bunduki, kwa hiyo, haikuwa ngeni kwake alipoianza AKB0048.

Kazi hii mpya, hata hivyo, ilikuwa na mzizi katika mambo ya kweli. AKB48 ni kundi la mabinti waimbaji lililoanzishwa Tokyo mwaka 2005 na Yasushi Akimoto. Herufi zake tatu zimetoka katika jina la mtaa, Akihabara, ambao ni mtaa wa maduka ya redio, kompyuta na vikaragosi. Fahari ya kundi hilo ilikuwa kwamba waimbaji wake si watu wa kutazamwa kwa mbali tu: walikuwa na ukumbi wao palepale mtaani, na mpenzi wao aliweza kwenda kuwaona. Mabinti tisa wa AKB48 na makundi dada yake ndio waliotoa sauti za mashujaa wa tamthilia hii. Basi mtazamaji wa Japani alipoyasikia maneno ya kubuni aliyasikia kwa sauti alizokwisha kuzijua.

Hadithi inaanza baada ya vita vilivyoiharibu dunia na kuwatawanya wanadamu katika sayari nyingi. Katika baadhi ya sayari hizo watawala wamepiga marufuku muziki na kila kitu chenye kuchezesha moyo, na jeshi liitwalo DES linawinda wavunjao sheria hiyo. Kundi la AKB0048 limezirudisha herufi zile tatu za mtaa uliopotea. Makao yake ni sayari iliyojengwa kwa mfano wa Akihabara, na kazi yake ni kushuka kwa ghafula katika sayari zilizokatazwa, kuimba huku likipigana, kisha kuondoka. Binti Nagisa Motomiya, wa sayari ya Lancastar, aliwaona waimbaji hao utotoni. Anapokua anafanya usaili pamoja na wenzake, ingawa baba yake hakuridhia, na anaingia katika kundi kama mwanagenzi wa kizazi cha 77.

Katika jambo moja tamthilia hii inabishana na hekima ya Waswahili, na katika ubishi huo ina haki. Wahenga walinena: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Maana yake ni kwamba bidhaa njema hukaa dukani ikangoja mnunuzi, na ile mbovu ndiyo izungukayo mitaani ikipigiwa kelele. Waimbaji wa AKB0048 wanajitembeza mno, wala si wabaya kwa sababu hiyo. Wanajitembeza kwa kuwa wasikilizaji wao hawana ruhusa ya kutoka. Pale AKB48 ya kweli ilipomwambia mpenzi wake kwamba aweza kuja kuwaona, kundi la kubuni linamwambia kwamba litakuja lenyewe hata kama njia imejaa mizinga.

Wakazi wa uswahilini hawana haja ya kueleza jambo hilo mara mbili. Muziki wa singeli ulikulia katika shughuli za mitaani za Manzese, Tandale, Mburahati na Mbagala, hasa katika vigodoro, yaani sherehe za usiku kucha zinazofanyika nje ya nyumba, spika zikiwa zimepangwa njiani na jirani asiyealikwa akiwa amealikwa na kelele zenyewe. Mapigo yake hupita 200 kwa dakika, na mghani wake hana budi kuyafukuza kwa ulimi. Vigodoro navyo vimekatazwa mara kwa mara na wakuu wa serikali kwa sababu ya kelele na ya kulinda maadili, navyo vimerudi mara kwa mara. Muziki huu haukungoja ukumbi, wala tikiti, wala ruhusa ya mtangazaji wa redio. Uliwafuata watu mlangoni. Kisha, mwaka 2017, mkusanyo wa nyimbo kutoka studio ya Sisso ya Mburahati ulitolewa Kampala na Nyege Nyege Tapes, na baada yake baadhi ya watayarishaji na waghani wa singeli wakapanda majukwaa ya Ulaya, mbele ya wasikilizaji ambao aghalabu hawakufahamu neno hata moja. Ni safari fupi kuliko ya galaksi, lakini kwa kijana wa Mburahati aliyeishi umbali wa nauli ya daladala kutoka katikati ya mji, hapana shaka ilikuwa sayari nyingine.

Ulinganifu wa ndani zaidi, hata hivyo, haumo katika singeli. Umo katika zile herufi tatu. Kabla AKB haijaundwa Tokyo, vijana wa Temeke walikuwa wamekwisha kulifupisha jina la wilaya yao kuwa TMK na kulitia katika jina la kundi lao. TMK Wanaume Family, lililokuwa na waimbaji kama Juma Nature, Chege na Temba, liliufanya mji mzima uitamke Temeke kwa fahari katika miaka ambayo Temeke, machoni pa watu wa sehemu za fahari, ilikuwa mahali pa viwanda, vumbi na nyumba za kubanana. Fani ya muziki wa kizazi kipya ilizoea majina ya kujitukuza mtu mmoja mmoja. TMK ilitukuza mahali. Aliyeimba chini ya jina hilo alibeba majirani zake wote, na kila alikokwenda, Temeke ilikwenda.

Hapa ndipo tamthilia ya Japani inapokutana na viunga vya Dar es Salaam, na hapa ndipo vinapoachana. Katika AKB0048 mtaa umekufa pamoja na dunia ya kale, na jina lake limebaki kama nguo ya mfalme isiyo na mfalme. Ili kulitunza, kundi limeweka desturi ya kurithishana. Mwanagenzi akionekana kuwa amefika, hupewa jina la mmoja wa waimbaji wa asili wa karne ya 21, naye huliacha jina alilopewa na wazazi wake. Ndiyo maana katika hadithi yuko Minami Takahashi wa tano, na kiti cha Atsuko Maeda kimekuwa wazi tangu yule wa kumi na tatu alipotoweka. Waimbaji hufa, huchoka au hupotea, lakini jina haliondoki jukwaani.

Uzuri wa desturi hii kwa msanii wa tamthilia ni dhahiri. Inampa kila binti pambano mbili: moja na jeshi lililoko nje, na jingine na kivuli cha marehemu aliyekwisha kuimba vema kuliko yeye. Kurasa bora za hadithi, kama neno kurasa laweza kutumiwa kwa kazi ya picha, ni zile ambazo mwanagenzi anasitasita mbele ya jina kubwa. Anajua kwamba akilipata atapendwa na maelfu, na anajua pia kwamba hao maelfu hawatakuwa wakimpenda yeye. Mwaka uleule wa 2012, mwezi wa Agosti, Atsuko Maeda wa kweli aliliaga kundi la AKB48 aende zake kufanya kazi nyingine. Kwa hiyo mtazamaji aliona mambo mawili kwa pamoja: katika kioo jina la Maeda lilikuwa cheo cha milele, na katika magazeti Maeda alikuwa msichana anayeondoka na jina lake mwenyewe.

Jamii ya Waswahili ina desturi iliyo jirani na hiyo, na jirani huyo anasaidia kuonyesha kasoro. Mtoto hupewa jina la babu au bibi, naye huitwa wajina wake. Bibi humwita mjukuu kwa utani kana kwamba ni mwenziwe, na watu wakaona furaha. Lakini hakuna amwambiaye mtoto kwamba amekuwa babu yake. Hadaiwi sauti ya babu, wala mwendo wake, wala madeni yake. Jina ni zawadi inayomtangulia mtoto, naye atalijaza kwa matendo yake, likang'ara au likafifia. Wahenga walisema kwamba jina jema hung'ara gizani, lakini hawakusema kwamba mwenye jina azimike ili jina lipate kung'ara. Katika AKB0048 zawadi imegeuka kuwa ofisi. Mrithi haendelezi jina. Jina linamwendeleza yeye, na siku akitoka jina litamtafuta mwingine.

Maadam tamthilia inaiona desturi hii kuwa tukufu, mhakiki hana budi kuuliza ingekuwaje kama wahusika wake wangekuwa watu wenye tumbo na kodi ya nyumba. Temeke inatoa majibu mawili.

Jibu la kwanza ni la TMK wenyewe. Mwaka 2006 kundi liligawanyika. Upande mmoja ulibaki na jina la TMK Wanaume Family. Upande wa pili, wa Juma Nature, ukajiita TMK Wanaume Halisi. Tazama neno hilo la mwisho lilivyo na uzito. Katika tamthilia, swali la nani mrithi wa kweli limefungwa kwa tarakimu: wa tano, wa tisa, wa kumi na tatu, na hakuna anayebisha hesabu. Katika Temeke hapakuwa na tarakimu. Palikuwa na watu wazima waliojenga jina kwa pamoja, na kila upande uliona kwamba una haki nalo. Neno "halisi" ni kesi iliyotiwa ndani ya jina. Linadai kwamba lipo jingine lisilo halisi, na linampa msikilizaji kazi ya hakimu. Fauka ya hayo, pande zote mbili ziliendelea kuzichukua herufi TMK, na hakuna aliyeweza kumnyang'anya mwenziwe, kwa sababu mmiliki wa herufi hizo hakuwa katika ugomvi ule: alikuwa ni Temeke yenyewe.

Jibu la pili ni la Yamoto Band. Hao walikuwa vijana wanne, Aslay, Maromboso, Beka na Enock Bella, waliolelewa katika kituo cha vipaji cha Temeke kiitwacho Mkubwa na Wanawe, chini ya Said Fella ambaye pia alikuwa meneja wa TMK Wanaume Family. Katika miaka ya kati ya 2010 hapakuwa na kundi la vijana Tanzania lililofanana zaidi na lile ambalo Wajapani huliita kundi la aidoru, yaani waimbaji vipenzi: walichukuliwa wangali wadogo, wakafundishwa kuimba na kucheza pamoja, wakapewa jina moja, na wasikilizaji wakachagua kila mmoja kipenzi chake miongoni mwa wanne. Sauti zao zilikuwa zimegawiwa kazi kama vidole vya mkono mmoja.

Jina la kituo lenyewe ni hati ya kusomwa kwa makini. Mkubwa na Wanawe si lugha ya kampuni wala ya kikosi. Ni lugha ya nyumba. Mkubwa hulea, wana hutii. Lakini nyumba ina sheria zake ambazo kila Mswahili anazijua. Mwana akikua huondoka akaweka mji wake, na hakuna amwitaye mtoro. Hapana budi iwe hivyo, kwani mwana umleavyo ndivyo akuavyo, na aliyelelewa kuimba atataka siku moja asikike peke yake. Kufikia mwaka 2017 wale wanne walikuwa wametawanyika. Aslay, aliyekwisha kujulikana utotoni kama Dogo Aslay, akasimama kama Aslay tu. Lile "dogo" lilikuwa limemaliza kazi yake. Beka akawa Beka Flavour. Maromboso aliingia WCB Wasafi mwaka 2018, na huko akazaliwa mara ya pili kwa jina la Mbosso.

Msomaji aliyeifuata hoja hii tangu mwanzo ataona kwamba mwendo umegeuka kichwa chini. Katika AKB0048 mwanagenzi huingia na jina lake akatoka na jina la kundi. Katika Temeke mwanagenzi huingia chini ya jina la kundi akatoka na jina jipya lake mwenyewe. Jina la Yamoto halikupata wanne wengine wa kulipokea mbele ya watu kama walivyopokewa wale wa kwanza. Limebaki katika nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, na katika masikio ya vijana waliokuwa shuleni wakati ule. Ngoma ivumayo haidumu, walisema wahenga. Lakini wapigaji wamedumu, na hili wahenga hawakuligusia.

Je, basi, haiwezekani kwa jina la pamoja kuishi bila kumla mtu? Historia ya muziki wa pwani inakataa. Nadi Ikhwani Safaa ya Unguja ilianzishwa mwaka 1905, na imepitiwa na vizazi vya waimbaji na wapigaji ambao hakuna hata mmoja aliyelazimika kuwa fulani wa tano. Katika Dar es Salaam, bendi ya NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika, bendi ikabadilika jina pamoja nacho, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye ikajulikana kwa jina ambalo wapenzi wake walikuwa wakiliita ngoma yao, Msondo. Muhidin Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, alikuwamo tangu mwanzo, akahamia Mlimani Park mwaka 1978, akaenda Orchestra Safari Sound, kisha akarudi. Popote alipokwenda sauti ilikuwa ya Gurumo, na jina la bendi lilikuwa la wenye bendi. Kila mtu alijua mpaka uko wapi. Wanamuziki wa NUTA walikuwa waajiriwa wa chama chao. Kutoka kwao kulikuwa kuacha kazi, hakukuwa kuasi ukoo wala kuvunja kiapo mbele ya nyota.

Ulinganisho huu unafichua mahali ambapo AKB0048 imekwepa. Katika vipande vyake vyote 26, mtazamaji anamjua vema adui aliye nje. Anajua silaha zake na sheria zake. Hajui sawasawa nani mwenye nyumba ndani. Ni nani aliyeamua kwamba kizazi cha 77 kirithi kilichoachwa na cha kwanza, na kwa mapatano gani? Binti akitaka kuondoka na jina alilolitukuza mwenyewe, ataliomba kwa nani? Vita vinafunika maswali haya kama moshi. Mahali ambapo nje kuna mizinga, hakuna anayekaa ndani kuuliza habari za mkataba, na aulizaye huonekana msaliti. Ni kweli kwamba tamthilia inagusa biashara ya vita kwa njia ya Chieri Sono, binti ambaye baba yake ni tajiri wa kampuni inayohusika na silaha. Lakini hata hapo uovu umewekwa katika nyumba nyingine, na nyumba ya waimbaji imebaki safi kama hekalu.

Mtu aweza kusema kwa kuitetea kwamba marufuku si jambo la kubuni, na kwamba adui wa nje anastahili uzito aliopewa. Hilo ni kweli, na Tanzania inalijua. Mwezi wa Februari 2018 nyimbo 15 zilizuiwa kupigwa katika vyombo vya utangazaji kwa uamuzi uliotokana na Baraza la Sanaa la Taifa. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo Diamond Platnumz na Rayvanny walizuiwa kutumbuiza ndani na nje ya nchi, baada ya kuupanda jukwaani wimbo uliokwisha kukatazwa. Zuio hilo likaondolewa mwezi wa Januari 2019. Walakini yafaa kuutazama mwisho wake. Zuio lilidumu wiki chache, na waimbaji wakarudi jukwaani. Kilichoigawa TMK, na kilichoitawanya Yamoto, hakikuwa baraza lolote wala amri yoyote. Kilikuwa ni ukuaji wa watu wenyewe, pamoja na majina ambayo hayakuwa na mpaka uliofahamika. Marufuku huuzuia wimbo kwa muda. Jina lisilo na mwenyewe hulivunja kundi moja kwa moja.

Mwaka huohuo wa 2018, Diamond alitoa albamu ambayo jina lake, lililo la Kiingereza, lamwita mwenyewe kijana wa Tandale. Hapo pana suluhisho jingine la tatizo lile, nalo lina gharama yake. TMK ilibeba mtaa kwa mikono ya wengi. Sasa mtaa umebebwa na mtu mmoja, na umekuwa sehemu ya jina lake, kama watu wa zamani walivyojinasibu kwa miji yao, Mwambao huyu wa Mombasa na yule wa Lamu. Hakuna ugomvi wa urithi, kwa kuwa mwenye jina ni mmoja. Lakini Tandale yenyewe, yenye maelfu ya watu na waimbaji ambao hawajasikika, inajulikana ng'ambo kama mahali alipotoka mtu, wala si kama mahali panapoimba. Umoja umehifadhiwa kwa kupunguza hesabu ya wanaohesabiwa.

Kwa hiyo hukumu juu ya AKB0048 haiwezi kuwa ya neno moja. Imefaulu kuonyesha kwamba mwimbaji ana wajibu wa kwenda alipo msikilizaji, hata mlango ukifungwa, na kwamba herufi tatu za mtaa mmoja zaweza kuwa nchi ya watu waliopoteza nchi. Imefaulu zaidi kuonyesha hofu ya mwanagenzi mbele ya jina asilolijenga. Imeshindwa kuonyesha nani ashikaye daftari la majina hayo. Kushindwa huko si kwa bahati mbaya, kwa kuwa kazi hii ilitengenezwa pamoja na kundi lililo hai la biashara, lenye majina ya kuuza, na ni vigumu kwa mtangazaji wa bidhaa kuuliza bei ya bidhaa yake. Hadithi iliyosafiri galaksi nzima haikuthubutu kuvuka kizingiti cha ofisi.

Mwandishi wa Kiswahili atakayependa kuitunga hadithi ya namna hii ana mtaji ambao Kawamori na wenziwe hawakuwa nao. Anao mfano wa Mkangi wa kuitazama sayari ya mbali kama kioo. Anao watu waliokwisha kuishi kila upande wa swali: wanne waliotawanyika wakapata majina, wawili waliogawana herufi tatu wasiweze kunyang'anyana, mzee aliyehama bendi tatu na sauti yake mfukoni. Akiwapandisha hao katika merikebu ya anga, na awape adui wa kupigana naye kama apendavyo. Lakini kabla chombo hakijang'oa nanga, sharti mmoja wa abiria asimame mbele ya wenzake aulize jina lililoandikwa ubavuni mwa chombo ni la nani, na wakirudi salama litagawanywa vipi.